Nusu Saa Kando ya Bidoni

Harufu ya klorini haikutoka mikononi mwa mama hata alipokuwa akisonga bugali. Ilikuwa kwenye viganja vyake aliponifunga kitambaa kichwani, ilikuwa kwenye mto tuliolalia pamoja, na hata Jumapili kanisani, alipofungua mikono wakati wa Baba Yetu, niliinusa juu ya ubani na juu ya nguo za watu zilizokauka vibaya kwa sababu ya mvua. Kuna wanaokumbuka utoto wao kwa harufu ya maziwa au ya moshi wa kuni. Mimi nakumbuka klorini, harufu kali inayokwangua pua, harufu ya kitu kinachojaribu kuzuia jambo baya lisitokee. Hadi leo nikiinusa, moyo unakwenda mbio kwanza, halafu ndipo unatulia. Aya hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, maana nataka kueleza vizuri kwa nini moyo wangu unafuata mpangilio huo, na bado naona sijaipata. Nitaiacha hivi na kuendelea.

Mama alifanya kazi kando ya ziwa, chini ya mtaa wetu hapa Bukavu, mahali ambapo watu wasio na bomba huteka maji. Kituo cha afya kilikuwa kimempa gile ya buluu, kile kizibao cha kazi kisicho na mikono, meza ndogo ya mbao, ndoo ya maji yaliyochanganywa na klorini, na bomba la sindano lisilo na ncha ya chuma. Kila aliyetoka majini na bidoni yake, lile dumu la manjano la kubebea maji, alipaswa kusimama mbele ya meza hiyo. Mama alivuta dawa, akainua sindano usawa wa jicho ili auone mstari, akaisukumia ndani ya bidoni, kisha akasema maneno yaleyale: funga, tikisa, subiri nusu saa, ndipo unywe. Baba alikuwa amekwenda Shabunda kutafuta dhahabu na habari zake zilitufikia kwa shida, kwa hiyo nikitoka shule sikwenda kwenye mlango uliofungwa. Nilishuka ziwani na kukaa chini ya meza na daftari langu. Nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa wasiwasi, wa kufuta herufi moja mpaka karatasi itoboke. Nilipochoka kufuta niliinua macho na kuutazama ule mstari wa sindano kutoka chini, nikiwa nimezuia pumzi, na nilipumua tu dawa ilipofika pale ilipotakiwa. Maneno ya mama niliyakariri kama sala. Nilidhani kwamba yakisemwa yote, bila kuruka hata moja, hakuna mtu atakayekufa.

Msimu ule mvua ilikuwa mbaya. Nyumba za mbao kwenye miteremko ziliteleza na udongo wake, na wakati huohuo watu wengine walikuwa wakiingia mjini kutoka upande wa Kalehe, wakikimbia vita, godoro kichwani na kuku chini ya kwapa. Wote waliwekwa kwenye kiwanja cha mpira kilichokuwa juu kidogo ya ufuo. Wachache walipata mahema ya kweli, yenye zipu. Wengi walipata bashi tu, yale maturubai ya plastiki, wakayafunga kwenye miti ya mikaratusi na kuyakandamiza chini kwa mawe. Kila jioni upepo wa ziwa ulipopanda, kiwanja kizima kilipigapiga kama mabawa, na sisi tuliokuwa na nyumba tulisikia sauti hiyo tukiwa tumekaa kwenye viti vyetu. Mama alikuwa anaacha kula kidogo anapoisikia. Halafu alikula tena, polepole, bila kuniangalia.

Foleni ya meza yake iliongezeka mara mbili. Wanawake wa mahemani walibeba bidoni mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, na kwa kuwa vifuniko vilikuwa vimepotea njiani, waliziba midomo ya bidoni kwa vigunzi vya mahindi au kwa vipande vya mfuko wa plastiki vilivyosokotwa. Miongoni mwao alikuwapo mmoja aliyeitwa Maman Zawadi, mwembamba, mwenye sauti ya kujaza soko. Nyumba yake ilikuwa imekwenda na matope, na mume wake alikuwa bado anatafuta kazi ili apate pesa za kuijenga upya. Alikuwa na binti, Zawadi, wa rika langu, na mdogo wake, Bahati, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Huyu Maman Zawadi ndiye aliyempa mama jina ambalo kiwanja kizima kililidaka.

"Maman Klore! Leo umetupikia nini?"

"Maji," mama alijibu, jicho likiwa kwenye sindano.

"Maji gani inanukaka sawa shuka ya hopitali? Unataka tuzae batoto beupe, ama?"

Foleni ilicheka, mama akacheka, na mimi chini ya meza sikucheka kwa sababu niliogopa atapoteza mstari. Lakini siku moja Maman Zawadi alifika bila utani. Alimtua Bahati mbele ya meza kama mtu anayeleta ushahidi.

"Maman, uone huyu. Maji yako anatema. Yote anatema. Asubuhi nimemukuta anakunywa ya mu mufereji, na mukono, sawa mbuzi. Batoto yote ya kule banafanya vile. Sasa niwafunge kamba?"

Bahati alitutazama, midomo yake ikiwa imepauka. Nyuma yake wanawake wengine waliitikia kwamba ni kweli, watoto wanaona heri mfereji. Mama alishusha sindano. Najua alichokiona, maana nilikuwa naona kitu hichohicho: ule mfereji uliopita kati ya mahema, na kila kilichokuwa ndani yake. Alimpapasa Bahati kichwani.

"Bon," alisema. "Ukifika, uache bidoni wazi kidogo. Harufu itapunguka. Halafu umupe."

Nilivuta pindo la kitenge chake. "Mama, kufunga."

"Kidogo tu, Nsimire," alisema.

Nilirudi chini ya meza nikaanza kufuta herufi isiyokuwa na kosa. Hakuwa amesema jambo la kipumbavu. Alimwonea huruma mtoto mwenye kiu, na alitaka anywe maji ya mezani kwake badala ya yale ya mferejini. Lakini dawa hutoka pamoja na harufu yake. Maji yakiachwa wazi, juani, yanarudi kuwa ya ziwa tu, tena na vikombe vya watoto ndani yake na inzi juu yake. Mama alilijua hilo, ndiyo maana alisema kidogo. Neno hilo "kidogo" lilipanda mlima pamoja na wanawake wale, na sijui lilidondoka wapi.

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha, na nadhani ndizo zilizonifundisha kutoiamini furaha ya ghafla. Watoto walikunywa. Maman Zawadi alileta sambaza waliokaangwa, wale samaki wadogo wa ziwani, juu ya kipande cha jani la mgomba, akasema ni wa Maman Klore na wa kale kapanya kake ka chini ya meza. Kapanya ndiye mimi. Mama alikula akiimba. Mimi nilikula nikihesabu mambo yanayoweza kuharibika.

Kisha asubuhi moja, siku isiyo ya shule, tulishuka tukamkuta Maman Zawadi ameshafika mezani, bila bidoni, na Bahati amelala mikononi mwake kama nguo iliyokamuliwa. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Mama alimfinya ngozi ya tumbo, na ngozi ile ilibaki imesimama. Alimfunga Bahati mgongoni kwake mwenyewe, kwa kitenge chake, akaanza kupanda mteremko kuelekea hema jeupe la wagonjwa wa kipindupindu lililokuwa nyuma ya kituo cha afya. Maman Zawadi alimkimbilia nyuma akilia, nami nilimkimbilia Maman Zawadi. Walimlaza Bahati kwenye kitanda chenye tundu katikati, wakatafuta mshipa kwenye mkono wake mdogo, wakamtundikia dripu ya serumu. Mama yake aliruhusiwa kuingia. Sisi tulibaki nje ya kamba, tumekanyaga maji ya klorini mpaka viatu vyangu vya shule vikabadilika rangi.

Ndipo mama alipokwenda kiwanjani. Nilimfuata nikikanyaga palepale alipokanyaga yeye, maana nilidhani ugonjwa uko kwenye udongo wote isipokuwa kwenye nyayo zake. Na tulipopita katikati ya mahema tuliziona. Mbele ya kila bashi, bidoni zilikuwa zimepangwa mstari juani, midomo wazi. Vigunzi vilikuwa vimetupwa pembeni. Zawadi alikuwa amechuchumaa mbele ya hema lao, akisubiri habari za mdogo wake, na alipomwona mama alisimama kwa heshima.

"Bidoni ziko wazi toka lini?" mama alimwuliza.

"Toka jana, maman. Tunaachaka jua mzima ipite, mpaka haisikike hata kidogo." Kisha akaongeza, ili mama afurahi, "Njo vile ulitufundisha. Maji inakuwa ya muzuri."

Mama alikaa juu ya jiwe lililokuwa limekandamiza kona ya bashi. Nilimwona amekaa hivyo mara moja tu katika maisha yangu, magoti yameachana, mikono imeangalia juu, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo na ghafla haupo.

Mganga mkuu wa kituo aliitwa Papa Faustin, mtu mpole aliyevaa koti la mvua juu ya koti jeupe. Mama alimweleza yote wakiwa wamesimama kwenye baraza, na mimi nilijifanya natazama mvua ikikusanyika juu ya ziwa.

"Bon. Uende ubaambie bafunge bidoni," alisema Papa Faustin. "Basi. Usiseme ni weye."

"Bataniuliza juu ya nini mbele nilisema wazi."

"Useme amri iko mupya. Mu inchi hii amri inabadilikaka kila siku, nani atashangaa?" Alishusha sauti. "Maman Nsimire, ukibaambia ulikosa, kesho hakuna mutu atasimama ku meza yako. Batarudia ya ziwa. Na hii gile, miye sitaweza kuitetea."

Mama alifikiri. Nilitaka sana afuate shauri lile. Nawaambia ukweli: nilimwomba Mungu amfanye mama yangu aseme uongo, maana nilikuwa nimeshaona, wazi kabisa, foleni tupu na meza imebinuliwa majini.

"Nikisema ni amri," mama alijibu, "batafikiri Leta, serikali yenyewe, ndiyo inabacheza. Na bidoni batafungua tena siku miye sitakuwa hapa. Heri bajue juu ya nini bafunge."

Aliwakusanya mbele ya hema la Maman Zawadi, ambaye alikuwa amerudi kuchukua nguo za Bahati. Walikuja wanawake wengi, na wanaume kadhaa waliosimama nyuma wamekunja mikono. Mama alivua gile akaishika mkononi. Sijui kwa nini aliivua. Labda aliona hastahili kuongea akiwa ameivaa, au labda alitaka ibaki safi. Alisema kwamba maji yaliyoachwa wazi yanapoteza dawa yake. Alisema kwamba yeye ndiye aliyewaambia waache wazi, kwamba aliwahurumia watoto na akasahau kazi yake, na kwamba alikuja kuomba msamaha na kuwaomba wafunge.

Ukatokea mlipuko wa maneno. Mmoja alisema walijua toka mwanzo kwamba dawa ile ni ya kuwajaribia watu wasio na kwao. Mwingine alipaza sauti: "Jana wazi, leo kufunga, kesho tutie mu masikio?" Wengine walicheka, lakini kicheko kilikuwa na meno. Mwanamume mmoja aliuliza kama Maman Klore mwenyewe anakunywaka maji hiyo. Na kila mtu alijua jibu. Sisi tulikuwa na bomba uani. Mama alikuwa amesimama kwenye meza ile miezi mingi, akitia dawa kwenye maji ya watu wengine, na jioni anapanda kwenda kunywa maji ya bomba.

Maman Zawadi hakuwa amepiga kelele. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake ya soko ilikuwa imekwisha. Aliingia hemani, akatoka na bidoni iliyotekwa asubuhi na kikombe cha bati kilichomenyeka rangi mdomoni.

"Weka dawa," alisema. "Funga vile unasema. Tungoje. Halafu ukunywe mbele yetu." Kisha akanitazama. "Na huyu kapanya yako akunywe."

Mama alishuka mezani, akarudi na sindano na kopo la dawa, akaipima usawa wa jicho na kuitia ndani ya bidoni. Aliosha kigunzi, akaziba, akatikisa. Aliosha kikombe kwa klorini. Kisha wote tulikaa chini kusubiri nusu saa. Saa ilikuwa moja tu, ya mwanamume mmoja, na watu walikuwa wanamwuliza kila mara, naye alikuwa anafunika mkono wake kwa kiburi kabla ya kujibu. Nimewahi kungoja majibu ya mitihani, nimengoja mlio wa risasi uishe, nimengoja simu kutoka Shabunda. Hakuna nilichokingoja kama bidoni ile. Niliwaza kwamba dawa labda ni pungufu. Niliwaza kwamba labda ni nyingi. Niliwaza kwamba kikombe ni kile alichonywea Bahati. Mama aliniinamia sikioni na kusema kwa sauti ya chini kwamba naweza kukataa, kwamba atakunywa peke yake na hatanikasirikia. Nilimtazama Zawadi, aliyekuwa amekaa mbele yangu amekumbatia magoti. Yeye hakuwa na wa kumwambia kwamba anaweza kukataa. Maji ya hema lile yalikuwa ndiyo maji yake.

Mwenye saa alisema imetimia. Mama alikunywa kikombe kizima bila kupumzika. Akajaza tena, akanipa. Bati lilikuwa baridi mdomoni, na maji yalikuwa na ladha ya mikono ya mama, ile ya kunifunga kitambaa na ile ya mto wetu. Nilikuwa nimeinusa maisha yangu yote bila kuionja. Nilikunywa mpaka nikaona sehemu ya chini ya kikombe, kisha nikasubiri kufa, na sikufa. Nilipiga mbweu kwa sauti kubwa.

Maman Zawadi alinyang'anya kikombe, akajaza, akanywa, akakunja uso. "Eh! Sawa kukunywa sabuni ya padri," alisema. Mtu alicheka, safari hii bila meno. Akaokota kigunzi, akakipiga ndani ya mdomo wa bidoni kwa kiganja. Baadaye kidogo, tulipokuwa tunaondoka, nilisikia mapigo hayo hapa na pale kati ya mahema, kiganja juu ya kigunzi, kiganja juu ya kigunzi. Si yote. Mwanamume mwenye saa alimwaga yake mferejini mbele yetu.

Bahati alirudi, shingo yake nyembamba, akidai sambaza. Lakini kituo kilimwondoa mama mezani kama Papa Faustin alivyoogopa, na kwa muda uliobaki wa msimu alifua mashuka kwenye lile hema jeupe, huku kijana mwingine akivaa gile. Hakulalamika. Kiangazi kilipofika mahema yalivunjwa, na familia zile zilitawanywa, wengine Nyantende, wengine sijui wapi. Tuliwatafuta akina Zawadi kwenye njia ya soko mara nyingi, hatukuwaona.

Sasa mimi ndiye ninayevaa gile. Kazi hii sikuisomea shuleni, masomo yalikatika njiani. Nilijifunza kwa vijitabu vya kuazima na kwa kumwuliza mama mpaka ananifukuza jikoni. Vita vimesukuma watu tena, mahema yapo tena, na upepo wa ziwa bado unayapigapiga jioni. Mimi si kama mama. Napima mara mbili, foleni inanizomea, napima tena. Sijawahi kumwambia mtu "kidogo tu". Nikilala najiuliza kama ninashika amri kwa kuwapenda watu hawa au kwa kuogopa tu kukaa siku moja juu ya jiwe, mikono imeangalia juu. Mama alihurumia akakosea, halafu akaweza kusimama mbele yao bila gile. Mimi sijakosea bado, na sijui kama ningeweza kusimama.

Juzi msichana mmoja wa mahemani, mama mwenye umri mdogo kuliko wangu, aliniletea mtoto anayetema maji. Aliniomba nimruhusu aache bidoni wazi, kidogo, harufu ipungue. Nilisema hapana. Niliona uso wake ukijifunga, na nikajua kwamba akifika juu ataifungua. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimpa mwenzangu sindano, nikapanda naye mteremko hadi kwenye bashi lake, nikaziba bidoni, nikatikisa, nikakaa chini kwenye mkeka.

"Unangoja nini, dada?" aliniuliza.

"Nusu saa," nilisema. "Una kikombe?"